Viboko Mia Tatu

Maji yalifika kizingitini Jumanne,
hayakubisha hodi.
Kufika Ijumaa chanja saba za dagaa za Mama Nyandwi
zilikuwa ziwani, na kambale wanapita
pale alipozoea kuanika kanga.
Kibirizi nzima ilibeba magodoro kichwani.
Watu wa mtaa wakaja na kopo la rangi nyekundu,
wakachora X kwenye kuta
ambazo ziwa lilishaziandikia lake.

Tukapanda Mwanga, chumba kimoja, pazia katikati:
yeye na wajukuu upande wa dirisha,
mimi mpangaji wake, mwalimu wa Historia,
na madaftari ya kidato cha kwanza
yaliyovimba kama mandazi.
Usiku akauliza kupitia pazia:
"Mwalimu, katika hayo unayosomesha,
yuko aliyewahi kuyashinda maji?"

Yuko aliyejaribu, nikamwambia.
Ahasuero mwana wa Dario, mfalme wa Uajemi,
aliyerithi kiti cha baba yake
pamoja na vita ambavyo baba hakuvimaliza.
Nchi zake zilianza Bara Hindi zikaishia Kushi.
Njiani aliupenda mti mmoja, mti tu,
akauvisha mikufu ya dhahabu, akauwekea mlinzi.
Akatandaza daraja la mashua juu ya mlangobahari;
dhoruba ikalikata kama uzi wa katani.
Basi akaamuru bahari ichapwe.
Viboko mia tatu.
Na pingu zikatupwa ndani yake.

Nikasikia ungo ukiwekwa chini.
"Nani alishika kiboko?"

Askari, nadhani.

"Walisimama ukingoni au waliingia mpaka magotini?
Maji ukiyapiga yanamrukia mpigaji.
Walirudi kambini wameloa?
Na yule wa kuhesabu,
alipopotea kwenye mia na themanini,
alianza upya?"

Miaka kumi na moja nafundisha.
Wanafunzi huuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Nikaendelea: mafundi wa daraja wakakatwa vichwa.
"Ehe," akasema, "hao ndio niliokuwa nawangoja.
Bahari inachapwa, fundi anakufa."

Wakaja mafundi wengine. Jeshi likavuka
siku saba, mchana na usiku.
Mfalme akalitazama kutoka juu, akafurahi,
kisha akalia: miaka mia ikipita,
katika hawa wote habaki hata mmoja.
"Hapo alisema kweli. Angegeuza hapohapo."

Hakugeuza. Aliichoma Athene.
Akaketi mlimani, makarani ubavuni,
waandike majina ya mashujaa
huku merikebu zake zikigongana kwenye mlango mwembamba,
zikizama.
Akarudi kwao; jeshi njiani likala magome ya miti.
Akajenga kumbi, nguzo ndefu kuliko sababu.
Mwisho wake ulikuwa chumbani, usiku,
na aliyeingia kumuua alikuwa mkuu wa walinzi.

"Aliyekuwa analinda mlango?"
Huyo huyo.

Mvua ikatembea juu ya bati.
Nikakumbuka kitu nilichokiruka:
kabla ya kuvuka, jua likichomoza,
mfalme alimimina kinywaji baharini
akatupa na kikombe chenyewe, cha dhahabu.
Walioandika habari hizi hawakujua
kama alikuwa analiabudu jua
au anaiomba bahari radhi.

"Radhi," akasema Mama Nyandwi,
kwa sauti ile anayotajia bei ya dagaa.
"Mfalme hasemi samahani mbele za watu.
Anaangusha kikombe."

Asubuhi nilimkuta chini, kwenye ukingo mpya,
gauni kalifunga magotini,
mkononi ufito mmoja wa chanja, ulioelea ukarudi.
Akauinua juu ya bega.
Nikasimama nione.
Akauchomeka topeni, maji yanapoishia,
akafunga kitambaa kwenye ncha.
"Kesho tutajua kama limesogea."

Hatua tano mbele yake kitu kiling'aa:
sufuria yake, ile ndogo ya chai,
ikizungukazunguka.
Aliiona.
Akatikisa tope miguuni, akapanda mlima.